Hotuba ya Kuzindua Furaha ya Wazee kwa Njia ya Kishikwambi

Mheshimiwa Waziri, ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa Naibu Waziri, ambaye ametuma udhuru pamoja na salamu, Ndugu Mwakilishi wa Naibu Waziri, ambaye amekuja mwenyewe na kalamu yake, Mheshimiwa Diwani, ambaye kiti chake tumekitandikia kitambaa ili akija asikikose, Wakuu wa Idara, Wakuu wa Vitengo, Makaimu Wakuu wa Vitengo, na ninyi mnaokaimu nafasi za makaimu, Bi Matroni wa makazi haya ya wazee, mwenye funguo zote, maofisa ustawi wa jamii, dereva wangu, wazee wetu, hazina yetu, maktaba zetu zinazotembea, zikiwemo zile ambazo kwa sasa zinasukumwa kwa viti vya magurudumu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wastani.)

Mimi, Mkurugenzi Msaidizi Mwandamizi wa Kitengo cha Hisia, Burudani na Masuala Mtambuka, mtumishi mwenye uzoefu wa miaka thelathini na minne, ambayo kati yake minne nilikuwa kwenye semina, nasimama mbele yenu, kama mnavyoona, katika ukumbi huu wa chakula uliopigwa deki mara mbili kwa heshima yangu, nikiwa nimebeba dhamana nzito, adhimu na ya kihistoria ya kuzindua rasmi Mradi Jumuishi wa Michezo ya Kidijitali kwa Ustawi Endelevu wa Hisia za Wazee, kwa kifupi MJUMIKIUEHIWA, kifupi ambacho kiliketiwa vikao vitatu ili kifupishwe, na hapo ndipo kilipoishia. (Makofi. Mzee mmoja wa safu ya nyuma anamuuliza jirani yake, "Amesema mjomba gani?")

Takwimu zinajieleza. Asilimia themanini na tatu ya wazee waliohojiwa walisema wanajisikia vizuri, asilimia arobaini na moja walisema waulizwe baadaye kwa kuwa walikuwa wanacheza, na ukijumlisha, utaona kuwa tumevuka mia moja, jambo linaloonyesha kwamba mwitikio ulikuwa mkubwa kuliko hata idadi ya waliokuwepo. (Makofi kutoka kwa Makaimu.)

Ndugu zangu, mradi huu haukuota kama uyoga. Ulibuniwa, ukachakatwa, ukawekwa kwenye faili, faili likapotea, likapatikana, na hatimaye, wiki kumi na moja zilizopita, nikaagizwa kufika hapa kufanya upembuzi yakinifu, ili ijulikane kitaalamu kama mzee akicheza mchezo wa kwenye kishikwambi, yaani ile simu pana, moyo wake unachangamka au unabaki palepale, na kama unachangamka, unachangamka kwa kiwango gani na kwa mujibu wa kifungu kipi.

Nilipokelewa na Bi Matroni, akaniingiza sebuleni, nyuma ya mlango huo mnaouona umefungwa utepe. Kwa faida ya wageni, hicho ni chumba kidogo chenye viti tisa, kila kimoja na mwenyewe. Meza ambayo mguu wake mmoja umeinuliwa kwa kigae. Dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Na saa ya ukutani iliyo mbele kwa dakika kumi na mbili, ambayo wazee wamekataa katakata irekebishwe kwa sababu inawawahisha kwenye chakula.

Humo ndimo nilimokutana na mama huyu wa safu ya mbele, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hapa wote wanamwita Mama Hewani. (Makofi. Mama Hewani hainuki, anapunga vidole viwili.) Mama huyu aliunganisha simu za watu kwa miaka thelathini na mmoja, enzi zile za kuchomeka waya hapa na kuchomoa kule, na hata leo ukimwita haitiki kama watu wengine, anakwambia usubiri kwenye laini. Binti yake anaishi mbali, akamletea kishikwambi ili waonane sura kila Jumapili. Sasa Jumapili ni siku moja. Zile sita zilizobaki Mama Hewani alizitumia kukichokonoachokonoa, akagundua mle ndani mna mchezo wa matofali: matofali ya rangi yanateremka kutoka juu, wewe unayageuza kwa kidole na kuyapanga chini, safu ikijaa bila tundu inatoweka na unapata alama, ukizubaa, yanarundikana mpaka juu na kazi imekwisha.

Na ubavuni mwake, siku ile akiwa amegeukia ukuta, aliketi mzee wetu Fundi Mwashi. Robo ya kuta za mji huu kazisimamisha yeye, ukiwemo huu niliouegemea. Alifiwa na mkewe, mpwa wake akamleta hapa, na tangu aingie hakusema neno. Sisemi kwamba alisema machache. Miezi minane, kimya. Bi Matroni ana daftari la hali ya kila mzee, nami katika kudurusu nyaraka nilikuta kurasa kwa kurasa za mwandiko wake mzuri: Fundi, amekula, hajasema. Fundi, ameoga, amekula, hajasema. Katika lugha ya kitaalamu, hali hii inaitwa changamoto.

Basi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule nikimfafanulia Bi Matroni nguzo sita za mfumo wangu wa tathmini, na nilikuwa nimefika nguzo ya nne, ndipo Fundi Mwashi, ambaye kiti chake kilikuwa kimegeuzwa kidogo ili apate jua la asubuhi, alipotupia jicho kishikwambi cha jirani yake, akakunja uso, akasema, "Hilo tofali limelala vibaya."

Mama Hewani hakuinua kichwa. "Lipi?"

"Hilo jekundu. Umeacha tundu. Maji yataingia."

"Maji gani, kaka yangu? Hii si simu tu?"

"Tundu ni tundu. Ligeuze."

Akaligeuza. Safu ikajaa, ikatoweka. Ndipo Mama Hewani akawatazama wenzake mmoja mmoja, machozi yakimlengalenga, akasema kwa sauti yake ileile ya kazini, "Jamani, laini imepatikana." (Vicheko, kisha makofi marefu. Fundi Mwashi anatazama viatu vyake.)

Bi Matroni alitoka mbio kwenda kuchukua daftari, akaniacha nimesimama na nguzo mbili ambazo mpaka leo hakuna aliyeniuliza. Ndugu Mwakilishi, naomba uandike kwamba tukio hilo lilitokea dakika kumi na nne tu baada ya mimi kuwasili, kasi ya utekelezaji ambayo idara nyingine zinaisikia kwenye redio. (Makaimu wanapiga makofi peke yao.)

Kesho yake nilirudi kuimarisha data. Nikamkuta Fundi kakishika kishikwambi mwenyewe, analalamika. Kilichomkera ni zile safu kutoweka. "Nimejenga miaka arobaini," akasema, "sijaona ukuta ukamilike halafu uondoke." Akaendelea kucheza. Baada ya muda akasema taratibu, kama mtu anayeshusha timazi kupima ukuta, "Ila mke wangu naye alikuwa amekamilika."

Mama Hewani alisogeza kiti chake karibu, basi. Mimi nilikuwa na fomu yenye visanduku ishirini na vinne, Furaha, Huzuni, Wastani, Haihusiki, nikatafuta mahali pa kuiweka kauli ile, sikupaona, nikaikunja fomu, nikaitia mfukoni, na kwa kuzingatia taratibu za utumishi nikatoka nje kujifanya napokea simu. (Mtu mmoja anapenga kamasi.)

Tuendelee. Siku ya tatu, kwa nia ya kujiridhisha na ubora wa zana, nilikubali kucheza mara moja tu. Nilipata alama mia mbili na kumi na mbili. Mama Hewani alikuwa na elfu arobaini na moja. Bibi wa kiti cha dirishani, ambaye anaona kwa jicho moja na hilo nalo lina mtoto wa jicho, alikuwa na elfu tisa. (Vicheko.) Fundi Mwashi alitazama kazi yangu, akatikisa kichwa, akaniambia, "Mkurugenzi, wewe unajenga kama mtu anayehama." Aliniambia hivyo mimi, mwenye shahada ya pili. (Vicheko vikubwa. Dereva anainamisha uso kana kwamba ana usukani mbele yake.)

Kutokana na fidibeki hiyo, nililazimika kuongeza ufuatiliaji. Nilianza kuja Jumatatu na Jumatano, kisha kwa mahitaji ya kitaalamu nikaongeza Jumanne, Alhamisi na Ijumaa. Saa tatu kamili za saa ile ya ukutani nilikuwa nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, maana viti vyote vina wenyewe, nikisubiri zamu yangu ya nne, baada ya bibi wa dirishani. Wazee walinifundisha kutazama tofali linalokuja badala ya lile lililokwisha kuanguka. Mama Hewani alinikemea mara moja tu, nilipokasirika na kutaka kurudia: "Mwanangu, laini ikikatika hupigi kelele, unaomba namba nyingine." Kauli hiyo nimeipachika ukutani ofisini, chini ya dira yetu.

Nami niseme jambo binafsi, lenye maslahi kwa taifa. Nyumbani kwangu, tangu watoto wahame, mezani vilikuwa vinazungumza vijiko tu. Sasa mama watoto akaanza kunitazama. Siku moja akaweka bakuli chini, akaniuliza, "Baba, siku hizi unacheka mwenyewe wakati wa kula. Kuna nini huko kazini?" Nikamjibu kwamba kuna tija. (Vicheko.) Akasema hiyo tija niilete na nyumbani. Nikaileta. Nikamsimulia habari ya Fundi na tofali jekundu, tukazungumza mpaka chakula kikapoa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mwaka ule nilipopandishwa cheo.

Katika kipindi chote hicho, nasisitiza, niliwasilisha taarifa za kila wiki bila kukosa, maana mimi ni mtu wa nidhamu. Wiki ya kwanza niliandika: tumeanza, ila kwa kusuasua. Wiki ya nne: tumepita ngazi ya tatu. Wiki ya saba: tumepita ngazi ya sita, kasi imeongezeka, mikono inatetemeka. Wiki ya kumi niliandika kwa fahari, kwa wino wa bluu: hatimaye tumefika ngazi ya tisa. Nilikuwa nazungumzia mchezo, ndugu zangu. Wakubwa zangu, ambao wana mradi wenye ngazi kumi za utekelezaji na hawajawahi kuona mtu akifika hata ya pili, walidhani nazungumzia mradi. (Vicheko vinaanzia nyuma na kusogea mbele. Ndugu Mwakilishi haandiki, anatazama.) Ndiyo maana leo mnaona mabango, mahema, spika mbili, na kiti chenye kitambaa.

Ndiyo maana pia iliandikwa barua. Barua hiyo Bi Matroni aliisoma hapa juzi, mbele ya wazee wote. Nanukuu: "Ili kufanikisha utekelezaji, sebule ya wazee itakabidhiwa kwa Ofisi ya Uratibu wa Mradi kuanzia saa ya uzinduzi, na wazee watapangiwa nafasi mbadala kwenye korido, penye hewa ya kutosha." Mwisho wa kunukuu. (Minong'ono. Bibi wa kiti cha dirishani anasema wazi, "Korido ina upepo.") Ina upepo, bibi, nakubaliana nawe kwa asilimia mia. Na barua ile ina sahihi yangu. Naijua sahihi yangu, ina mkia mrefu. Nilitia sahihi Jumatatu, kati ya karatasi nyingine nyingi, bila kuisoma, kwa sababu nilikuwa nachelewa kuja hapa kucheza.

Leo asubuhi, baada ya siku mbili nilizozuiwa ofisini na maandalizi ya uzinduzi huu, kabla ninyi wageni hamjafika, Bi Matroni alinionyesha daftari. Alilifungua tu akaniwekea kidole. Juzi: Fundi, amekula, hajasema. Jana: Fundi, amekula, hajasema. Kishikwambi kilikuwa mezani, kimejaa chaji, na hakuna aliyekigusa. Mama Hewani alikuwa anawakusanyia wenzake mito ya viti, anaifunga kwa kamba, tayari kuhamia korido. Nilimsalimu, "Shikamoo, mama." Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," vizuri tu, bila kinyongo, na heri angenitukana.

Sasa ndugu zangu, hotuba niliyoandaliwa na kitengo ina kurasa kumi na sita, na kuanzia ukurasa wa tisa inaeleza vishikwambi mia nne vilivyomo kwenye maboksi hayo yaliyopangwa kando ya jukwaa. (Mama Hewani ananyoosha mkono. Anaruhusiwa.)

"Mwanangu, yale maboksi yana nini ndani?"

Mama, nashukuru kwa swali zuri na la wakati. Maboksi yale yana uwezo. (Vicheko.) Yana uwezo wa kubeba vishikwambi. Kwa sasa yamebeba jukumu la kuonekana kwenye picha. (Dereva, kwa ishara ya Mkurugenzi, analiinua boksi la juu kwa kidole kimoja, kisha la pili, kisha yote matano yaliyopangwa, akiyabeba kichwani hadi mlangoni. Ukumbi unaangua kicheko. Mmoja wa Makaimu anapiga makofi kwa mazoea.)

Ndugu Mwakilishi, shika kalamu. Nazungumza rasmi, na kwa kuwa nitaulizwa, nitataja kila kitu kwa jina lake. Baada ya upembuzi yakinifu wa wiki kumi na moja, nilioufanya mimi mwenyewe nikiwa nimeketi kwenye ndoo, nimebaini yafuatayo. Kwanza, mchezo huu unachangamsha, hilo nimeliona kwa macho yangu na kwa meza yangu ya chakula. Lakini si kioo kilichomsemesha Fundi, ni kuwa na mtu wa kumwambia kwamba tofali limelala vibaya, na mtu huyo anahitaji mahali pa kukaa pasipo na upepo. Pili, andiko la mradi nililotumwa kuliandika lina kichwa cha habari, lina tarehe, na chini ya tarehe lina alama za Mama Hewani wiki hadi wiki. Zaidi ya hapo halina kitu. Tatu, na hapa naomba utulivu, kisheria, kikanuni na hata kwa akili ya kawaida, Ofisi ya Uratibu haiwezi kukabidhiwa chumba cha kuratibia kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyonayo mpaka hapo utakapowasilisha taarifa yako, barua ile naifuta, kwa sahihi ileile na mkia uleule, na utepe ule hautakatwa. Utafunguliwa fundo kwa fundo, ukunjwe, urudishwe stoo. (Bi Matroni tayari yuko mlangoni, anafungua utepe kwa meno.)

(Ndugu Mwakilishi anauliza, "Niandike hivyohivyo, Mkurugenzi?")

Hivyohivyo, ndugu yangu. Andika na kwamba nilikuwa timamu.

Kabla sijashuka, utaratibu unanitaka nitoe kaulimbiu. Naomba wote mnaoweza kusimama msimame, na msioweza mnyooshe shingo. Nikisema wazee, semeni wapo. Wazee. (Wapo.) Nikisema hisia, semeni zipo. Hisia. (Zipo.) Nikisema sebule, semeni ni yetu. Sebule. (Ni yetu, kwa kishindo, hata Makaimu wamo.) Nikisema mradi, semeni haupo. Mradi. (Haupo. Sauti ya Bi Matroni inazipita zote, utepe ukiwa bado mdomoni.)

Ahsanteni. Kwa namna ya pekee namshukuru mzabuni, ambaye hatukumtafuta, kwa kutotuangusha hata siku moja. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao hawatujui, kwa imani yao isiyo na masharti. Naishukuru timu ya wataalamu ishirini, ambao kama wangeajiriwa wangekuwa hodari sana. Nawashukuru wanufaika elfu nne waliomo kwenye ripoti, kwa kukubali kutokuwepo bila kulalamika. Na naushukuru Mradi Jumuishi wenyewe, ambao tangu nianze kuusimamia haujapata kuharibika, kuchelewa wala kulalamikiwa, rekodi safi ambayo naikabidhi kwa atakayenirithi, nadhani wiki ijayo. Ninyi wazee wangu mlionipa zamu ya nne sina cha kuwapa, na sijui kama mtanitaka tena humo ndani baada ya barua ile. Nitaelewa. Naomba kuwasilisha. (Wazee wanaanza kuingia sebuleni, mmoja mmoja, na mito yao. Fundi Mwashi anabaki nyuma, anauegemea mlango, anageuka.)

"Mkurugenzi," anasema. "Ndoo yako iko jikoni. Ichukue uje."